Shajara ya Mradi: Kuijenga Upya Rafu ya Spika za Nyuma Ili Besi Isikike

Mwishoni mwa Mei

Mvua za masika zimepungua hapa Mwanza na sasa inawezekana kuliacha gari uani likiwa limevuliwa viti bila hofu ya kulowa, kwa hiyo mradi unaanza. Gari lenyewe ni saluni ndogo iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika. Chini ya kioo cha nyuma kuna rafu ya bati, na kwenye rafu hiyo zimefungwa spika mbili za umbo la yai, za inchi 6 kwa 9. Spika ni mpya na ni nzuri, na amplifaya ndogo ya chaneli nne inaziendesha bila kuelemewa. Hata hivyo besi inayofika kwenye kiti cha dereva ni nyembamba mno. Katika rumba ninazozipenda, gitaa la besi linasikika nusunusu: noti za juu zinatoka vizuri, lakini mpigaji akishuka kwenye uzi mnene wa chini kabisa, ambao ukipigwa wazi hutoa hezi 41 (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), noti inayeyuka hewani.

Karibu kila niliyemweleza tatizo hili alinishauri ninunue sabufa yenye boksi lake na kuiweka kwenye buti. Ushauri huo si mbaya, ila buti hilo linabeba mpunga kutoka Magu na mizigo ya familia karibu kila mwisho wa wiki, na boksi kubwa lisilofungwa imara ni hatari gari likisimama ghafla. Zaidi ya hayo, ninaamini kabisa kwamba spika zilizopo hazijapewa nafasi ya kufanya kazi yake, na kuongeza vifaa juu ya kasoro ambayo haijashughulikiwa ni kutupa fedha.

Nimeanza kwa kucheza toni tupu kutoka kwenye simu, kuanzia hezi 200 na kushuka polepole hadi hezi 30. Nikiwa kwenye kiti cha dereva, sauti ilikuwa imara hadi karibu hezi 100, kisha ikaanza kunywea, na ilipofika hezi 60 kilichobaki kilikuwa mlio wa mabati. Nikatoka, nikafungua buti na kuinamisha kichwa ndani: toni ileile ya hezi 60 ilikuwepo, nene na ya kutosha. Nguvu inazalishwa, bali haifiki mahali inapohitajika.

Sababu yake inaeleweka vizuri, na inafaa kuandikwa hapa kwa sababu kazi yote itakayofuata imejengwa juu yake. Koni ya spika, yaani ule utando wake unaocheza, inaposukuma hewa ya mbele, wakati huohuo inaivuta hewa ya nyuma yake, hivyo mgandamizo wa upande mmoja ni upungufu wa mgandamizo kwa upande wa pili. Pande hizo mbili zikikutana zinafutana. Katika hewa yenye nyuzijoto 28, sauti husafiri takribani mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Njia ya hewa kutoka mgongoni mwa spika hadi mbele yake, kupitia mwanya ulioko kwenye rafu, haifiki hata nusu mita, na kwa wimbi refu kiasi hicho umbali huo ni mdogo mno kuleta tofauti. Mawimbi mawili yanafika pamoja yakiwa yamepingana karibu kabisa. Sauti ya hezi 2,000 ina wimbi la sentimita 17 tu, hutoka mbele ya koni kwa mwelekeo wake na haizunguki kirahisi, na ndiyo maana sauti za waimbaji hazikuwahi kuwa na tatizo.

Rafiki mmoja ameuliza kama mwinuko wa mji wetu unachangia, kwa kuwa uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, lakini kasi ya sauti inategemea joto la hewa, haitegemei mgandamizo wake, na wepesi huo ni mdogo mno kuweza kuiondoa besi yote.

Juni, wiki ya kwanza

Nimetoa kiti cha nyuma, plastiki za pembeni na kifuniko cha rafu. Chini ya kifuniko kuna bati jembamba lenye matundu mengi: mawili makubwa ya spika, mengine ya kupunguzia uzito, mengine ya kupitishia waya na klipsi. Kifuniko chenyewe ni nyuzi zilizogandamizwa na kuvishwa kitambaa. Hewa inapita ndani yake bila shida. Nyuma ya egemeo la kiti kuna nafasi nyingine kubwa zaidi, ambazo hazionekani mpaka kiti kitolewe.

Ili kuona mianya yote, usiku niliweka taa ya kuchaji ndani ya buti, nikafunga, nikazima taa zote za uani na kukaa kwenye kiti cha mbele. Mwanga ulipenya kila mahali: kuzunguka spika zote mbili, kwenye maungio ya rafu na nguzo za pembeni, na kwenye mstari mrefu chini ya egemeo. Nilitia alama kwa chaki kila palipotoa mwanga. Ninampendekezea kila mwenye nia ya kazi hii aanze na jaribio hili, kwa kuwa halina gharama na linaonyesha ukweli wote kwa mara moja.

Jaribio la pili lilihusu bati lenyewe. Nilizifunika spika kwa kitambaa chepesi, nikamwaga punje chache za mchele juu ya rafu na kucheza toni ya hezi 60 kwa sauti ya wastani. Kwenye eneo la wazi lililo katikati ya spika mbili, punje ziliruka karibu sentimita nzima, zikakimbilia pembeni na kujipanga kwenye mstari wa kulehemu, ambako bati haliwezi kucheza. Nilipopandisha toni hadi hezi 90 zilihama na kujipanga kwa sura nyingine. Maana yake ni kwamba koni inapokwenda mbele, bati linalotakiwa kuishikilia linarudi nyuma, na sehemu ya nguvu ya amplifaya inaishia kulitikisa. Nilipoweka kiganja juu ya bati na kulikandamiza kwa uzito wa mwili, toni ileile ilinenepa papo hapo.

Hapo kuna matatizo mawili, mianya na bati linalocheza, na yanahitaji tiba mbili tofauti. Kuziba mianya bila kuimarisha bati, au kinyume chake, kutaacha nusu ya kazi.

Juni, wiki ya pili

Kabla ya kununua chochote nimejiwekea mpaka mmoja: sitakata bati la rafu hata kidogo. Ni sehemu ya mifupa ya gari inayozuia bodi lisijisokote, na humo ndimo zilimofungwa bolti za mikanda ya abiria wa nyuma. Nimeona magari ambayo bati hilo limekatwa kwa grainda ili spika kubwa ziingie. Sioni muziki unaostahili bei hiyo. Ubao utakaa juu ya bati, utatumia matundu yaliyopo, na utapita kando ya bolti za mikanda ili ziweze kukaguliwa na kukazwa wakati wowote.

Kuhusu aina ya ubao, wapenzi wengi wa muziki wa gari hutumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18, kwa sababu ni nzito, imetulia na inakatika kwa ukingo safi. Udhaifu wake ni maji, na rafu ya gari hupata unyevu kutoka kwenye kioo na kwenye mpira wa buti unaochakaa. Nililipeleka swali hili kwa mzee mmoja anayeunda mitumbwi na kutengeneza samani ufukweni, upande wa Kirumba. Baada ya shikamoo na marahaba, alilitazama gari, akasikiliza maelezo yangu yote, kisha akacheka taratibu.

“Mwanangu, kumbe kazi yako ni kukalafati tu. Sisi tunazuia maji yasiingie kwenye mtumbwi, wewe unazuia hewa isipite. Mwanya uliobaki haujali kama ni mdogo.”

Alishauri plaiwudi ya marini ya milimita 15, ambayo gundi yake haiachii kwa unyevu, na nimekubaliana naye. Ubao wa mita 1.2 kwa sentimita 35 wa unene huo una uzito wa kilo nne hivi, ambao rafu inaubeba bila wasiwasi. Unene wa milimita 15 pia unaacha nafasi kati ya vifuniko vya spika na kioo cha nyuma. Nilipima kwa kuweka vipande vya ubao chini ya spika na kukitazama kioo kutoka pembeni.

Kiolezo kilitengenezwa kwa kadibodi ya boksi la televisheni, kwa kukata na kujaribisha mpaka kikakaa bila kuacha mwanga. Mzee alikata ubao kwa msumeno mdogo wa umeme, akafuata mstari wa penseli kwenye matundu ya spika kwa subira ambayo mimi sina, na akaikwangua kingo ya chini ya kila tundu kwa mshazari ili hewa ya nyuma ya koni isibanwe na unene wa ubao. Kisha kila upande, pamoja na kingo na matundu ya bolti, ukapigwa msasa na kupakwa vanishi. Kingo ndizo hunywa maji kwanza, na tuliziongezea mkono mwingine wa vanishi.

Juni, wiki ya tatu

Wiki hii imekuwa ya bati. Nililisafisha kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kwa sababu vumbi na mafuta ndivyo hufanya karatasi za kuzuia mtetemo zibanduke. Karatasi nilizochagua ni za mpira wa butili zenye alumini juu yake. Bati likipinda, butili inavutwa kati ya bati na alumini, na mvuto huo hugeuza mtetemo kuwa joto kidogo sana. Bila alumini, butili ingejinyoosha pamoja na bati na isingefanya kazi hiyo ipasavyo.

Karatasi za lami zinazotumika kwenye mapaa ni nafuu, na fundi mmoja alinishawishi nizitumie. Nilikataa. Rafu hii iko chini ya kioo kinachopigwa na jua mchana kutwa. Gari lililofungwa madirisha hupata joto kali, na lami hulainika, hunuka na kuteremka. Afadhali kununua kipande kidogo cha kitu sahihi, kwa kuwa si lazima kufunika bati lote: kipande kilichobandikwa katikati ya kila eneo la wazi, kikakandamizwa kwa rola mpaka hewa yote itoke chini yake, hutoa sehemu kubwa ya faida. Alama za punje za mchele zilinielekeza mahali pa kubandika.

Nilirudia jaribio la mchele baada ya kubandika. Katika hezi 60 punje zilitikisika, lakini hazikuruka wala kujipanga.

Juni, wiki ya mwisho

Ubao umefungwa. Kati yake na bati kuna utepe wa sponji ngumu ya mpira unaozunguka kingo zote na kila tundu, na bolti zimepita kwenye matundu yaliyokuwepo tangu kiwandani, zikiwa na washa pana upande wa chini. Nilizikaza kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, ili sponji ibanwe sawasawa. Spika zimefungwa kwenye ubao wala haziligusi bati, kila moja ikiwa na utepe wake mwembamba wa sponji.

Egemeo la kiti ndilo lililochukua muda. Nafasi zilizoko nyuma yake zilizibwa kwa vipande vya plaiwudi nyembamba vilivyofungwa kwa skurubu, na kingo zake kujazwa silikoni isiyotoa asidi, kwa sababu ile yenye harufu ya siki huchochea kutu kwenye bati. Mstari wa chini, ambao mwanga ulikuwa mwingi kuliko kote, ulizibwa kwa sponji nene inayobanwa na kiti chenyewe kinaporudishwa. Usiku taa ikarudi kwenye buti. Mwanga ulibaki kwenye pembe moja tu ya kulia, na asubuhi yake pembe hiyo nayo ikajazwa.

Kuna jambo moja ambalo anayefuata njia hii anapaswa kulijua mapema. Hewa ya ndani ya gari hutoka nje kupitia vipenyo vyenye ndimi za mpira vilivyofichwa nyuma ya bampa, na katika saluni nyingi hewa hiyo hupitia kwenye rafu na buti. Rafu ikizibwa kabisa, milango huwa migumu kufunga madirisha yakiwa yamepandishwa, na vioo hushika ukungu haraka wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo nimeacha njia moja ndogo kwenye kona ya chini, ndefu na nyembamba, iliyojazwa sponji laini yenye vinyweleo: hewa inayokwenda polepole inapita, ilhali msukumo wa haraka wa besi unazuiwa kwa kiasi kikubwa. Milango sasa inahitaji mkono mzito kidogo kuliko zamani. Nimeliona hilo kuwa gharama ya haki.

Upande wa umeme nitaueleza kwa ufupi. Waya mkuu una fyuzi karibu kabisa na betri, chini ya sentimita 45, na unapita kwenye bati linalotenga injini na chumba cha abiria kupitia mpira wake. Chanya na hasi za spika zilikaguliwa kwa betri ndogo ya volti 1.5: chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, koni lazima itoke nje, na koni zote mbili lazima zifanye vivyo hivyo. Spika mbili zinazosukuma kinyume huifuta besi hata kama useremala ni wa kiwango cha juu kabisa.

Julai, wiki ya kwanza

Nimepima na kusikiliza nikiwa mahali pamoja, pembeni mwa barabara tulivu upande wa Luchelele, injini ikiwa imezimwa, madirisha yamefungwa, na simu ikiwa imelala kwenye kilalio cha kichwa cha dereva kama ilivyokuwa Mei. Maikrofoni ya simu haifai kutoa kipimo kamili cha masafa ya chini, yaani toni zenye hezi chache, lakini inatosha kulinganisha kabla na baada ikiwa hakuna kingine kilichobadilika.

Ongezeko kubwa liko kati ya hezi 45 na hezi 90, ambako hapo awali palikuwa na shimo. Juu ya hezi 150 hali ni ileile, kama nadharia inavyotaka. Chini ya hezi 40 tofauti ni ndogo, na sitegemei zaidi, kwa sababu kila unaposhuka oktavu moja, yaani hezi zikipungua kwa nusu, koni inapaswa kusogea mara nne zaidi ili kutoa sauti ya kiwango kilekile, na koni ya ukubwa huu haina safari hiyo. Kwa hiyo nimeweka kichujio cha amplifaya kizuie kila kilicho chini ya hezi 40, na spika zimetulia hata redio ikipandishwa.

Jambo lililonifurahisha sana ni jinsi gari lenyewe linavyosaidia. Chumba cha abiria kilichofungwa, chenye urefu wa mita 2.5 hivi, huanza kuinua besi chini ya masafa ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na urefu huo, yaani karibu hezi 70. Msaada huo ulikuwepo siku zote, lakini haukuwa na cha kuinua. Sasa noti ya hezi 41 kwenye gitaa la besi inasikika kama noti yenye mwanzo na mwisho, na ngoma ya mguu inafika kifuani bila kuifunika sauti ya mwimbaji. Nilisikiliza kwaya moja ya Kisukuma ambayo nimekuwa nayo kwa miaka mingi na kugundua kuwa wanaume wa sauti ya nne wamegawanyika katika makundi mawili. Sikuwahi kulijua hilo.

Julai, wiki ya pili

Besi ikipatikana, kila kilicholegea hujitangaza. Nilicheza toni inayopanda polepole kutoka hezi 35 hadi hezi 120, huku mkono mmoja ukikandamiza kipande kimoja baada ya kingine. Taa ya breki ya juu ilipiga kelele katika hezi 52; imewekewa sponji chini ya kishikio chake. Namba ya gari ilijigonga kwenye kifuniko cha buti karibu hezi 70, na vipande viwili vya mpira nyuma yake vimeinyamazisha. Plastiki ya nguzo ya kushoto ilikuwa na klipsi iliyovunjika, ambayo imebadilishwa. Nyaya zilizokuwa zikining'inia ndani ya buti zimefungwa kwa utepe wa kitambaa.

Mtihani wa mwisho wa milio ulikuwa barabara ya mawe inayopanda kilimani Mabatini, kwa mwendo mdogo, redio ikiwa imezimwa na baadaye ikiwa imewashwa. Hakuna kilichogonga kwenye rafu. Bolti za ubao zilikaguliwa baada ya hapo, na mbili zilikubali robo mzunguko zaidi, jambo la kawaida sponji inapokuwa bado inajipanga.

Yaliyobaki ni mawili. Rafu itafunguliwa tena Desemba, vuli ikiwa imekolea, ili kuangalia kama vanishi imeshika kwenye kingo na kama butili imebaki mahali pake baada ya miezi ya jua la kiangazi. Kabla ya hapo zitafuata spika za milango ya mbele, ambazo zina kasoro ileile kwa umbo tofauti: matundu makubwa kwenye bati la ndani la mlango, yaliyofunikwa kwa nailoni tu. Hizo zitahitaji pete za plaiwudi za milimita 12 chini ya spika na karatasi za butili juu ya matundu, na mashimo ya chini ya mlango yanayotoa maji ya mvua yaachwe wazi.